Anzia Kwenye Fupi

Husna hakukusudia kuwasikiliza, ila fundi aliyekaa mbele yake kwenye basi la mwendokasi alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na nyundo za karakana za Gerezani. Fundi huyo alikuwa na Biblia mpya mapajani. "Bibi, hiki kitabu kimenishinda," alimwambia ajuza wa baibui aliyekaa naye, ambaye alishasema anashuka kituo cha Fire. "Nabatizwa mwezi ujao, na nimekwama kwenye Walawi, kwenye figo za kondoo. Nadhani nina kichwa kizito."

"Kwani ulianzia wapi?"

"Ukurasa wa kwanza."

Bibi akaguna. "Sisi madrasa mtoto haanzi na sura ndefu za mbele, mjukuu wangu. Anaanzia nyuma, kwenye fupi fupi. Akishazoea ndiyo anapanda."

Fundi akafungua kurasa za nyuma, akasoma kidogo, akashtuka. "Bibi! Huku kuna mnyama ana vichwa saba!"

Husna aliuma mtandio asicheke.

"Basi si huko," bibi akasema, wala hakutahayari. "Mimi nimekwambia fupi. Tafuta fupi."

Fundi akapekua mpaka kwenye Zaburi, akapata moja ya mistari miwili tu. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata maneno, mpaka mwisho. "Hii nimeielewa," akasema, kama mtu aliyesikia injini iliyokufa ikiwaka.

"Isome tena."

Fire ikapita, Msimbazi ikapita. Milango ilipofunguka Gerezani, mwisho wa safari, fundi alikuwa bado anasoma, na bibi wa Fire bado ameinamisha sikio, kama mwalimu anayengoja kosa na hajalisikia.