Nguzo Sita za Aurelia

Kijiwe chetu kiko nyuma ya mashine ya kusaga, hapa Songea mjini: mabenchi mawili ya mbao na gogo moja ambalo hakalii mtu kwa hiari yake. Muuza kahawa ni Aurelia. Machi iliyopita mvua ilipiga kule kwenye milima ya Matogoro usiku kucha, kijito cha bondeni kikafurika, kikaingia chumbani alimokuwa yeye na mama yake mzazi. Kulipokucha alikuwa hapa na birika lake. Tukampa pole palepale benchini, tukanywa. Sasa ni Oktoba. Amenunua nguzo sita za mkaratusi ili ajenge chumba kimoja kidogo kilichoinuliwa, kiwanja kilekile, maana kingine hana. Fundi anakuja leo kuzikata. Zikikatwa fupi mno, maji yataingia tena. Zikiachwa ndefu, mama yake hawezi kupanda, magoti yake yamekwisha, itabidi arudi kijijini Mpitimbi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, sakafu ikae juu kiasi gani. Aurelia hakutuomba ushauri. Sisi wenyewe tulijitolea, na hii ilikuwa wiki ya tatu.

Aliyeanza ni mzee Pankrasi. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kuwa mlinzi kwenye mradi wa barabara. Alichukua kijiti akachora mchangani.

Injinia: Futi sita. Nimeshasema, sirudii.

Simu: Sita za nini, mzee wangu?

Huyo ni Fulgence. Simu haimtoki mkononi, ndiyo ikawa jina lake.

Injinia: Sisi kule barabarani kalavati lilikuwa futi sita, na halikuwahi kufurika.

Simu: Kalavati linapitisha maji, mzee. Nyumba inayakataa.

Injinia: Ndiyo maana nasema sita. Ya kukataa.

Aurelia: Mzee Pankrasi, maji yale ya Machi—

Injinia: Subiri kidogo, mama. Niongezee hapa, halafu nitakueleza.

Aurelia akamwongezea. Kueleza hakueleza.

Simu: Tazameni hii. Nyumba imekaa juu ya mapipa. Maji yakija, inaelea. Yakiondoka, inashuka pale pale. Nguzo za kazi gani tena?

Mkorosho: Inashuka pale pale nani kaiambia?

Aliyeuliza ni Abdulatifu, mtu wa Nalasi, Tunduru. Kila hoja yake inaanzia au inaishia shambani kwake, kwenye mikorosho.

Simu: Unaifunga kamba.

Mkorosho: Wallahi nyie mtamwamsha bibi wa watu Namtumbo. Mtu kalala Songea, anaamka anauliza njia.

Tulicheka. Aurelia alitabasamu kidogo, akaenda kupuliza mkaa.

Mkorosho: Sikilizeni. Kihenge cha mahindi kikoje?

Simu: Kiko juu.

Mkorosho: Kiko juu, juu ya miti, na panya hafiki. Sasa panya anayejua kukwea hafiki, maji yatafikaje? Mjengeni bibi kihenge. Duara, mianzi, udongo, bati juu. Hewa safi, gharama hakuna.

Injinia: Na mlango?

Mkorosho: Kihenge kina mlango? Unafunua paa.

Injinia: Mtu na akili zake aingie nyumbani kwake kupitia paa!

Mkorosho: Mahindi yanaingia, hayajawahi kulalamika.

Hapo nilitegemea mazungumzo yafe. Wapi! Injinia alifuta mchoro wake kwa kiatu, akachora duara.

Injinia: Kama ni kihenge, basi sita haitoshi. Tuseme futi kumi.

Simu: Nguzo zenyewe zina kumi na mbili.

Injinia: Si ndiyo? Mbili ardhini, kumi juu. Hazikatwi hata kidogo. Fundi akija tunamwambia arudi zake.

Aurelia: Na mama je?

Simu akapekua simu yake.

Simu: Kapi.

Aurelia: Kapi gani?

Simu: Kama la kisimani. Bibi anakaa kwenye tenga, mtu anavuta kamba, bibi huyoo juu.

Mkorosho: Tenga liwe jipya lakini. Lisije likakatika.

Injinia: Naam! Umeongea kitu.

Niliandika haya baadaye, na bado naona aibu kwamba wakati ule nilitikisa kichwa kukubali. Aurelia hakutikisa chochote. Alishika birika kwa mikono miwili, akamtazama Injinia usoni.

Aurelia: Mama yangu siyo ndoo.

Bahati yetu fundi akatokea. Nassoro, kijana wa Mjimwema, msumeno begani. Akatusalimu, shikamoo kwa mzee Pankrasi, akakataa kahawa kwa adabu, akaenda kuzigusa zile nguzo zilizoegemezwa ukutani. Injinia akamwonyesha duara mchangani na kumweleza yote, pamoja na tenga. Nassoro alisikiliza mpaka mwisho.

Nassoro: Sawa, mzee. Maji yalifika wapi?

Injinia: Maji?

Nassoro: Ya Machi. Mle ndani. Yaliacha alama ukutani, hayakosi. Ilikuwa usawa gani?

Injinia alimtazama Simu. Simu aliitazama simu. Mkorosho alikohoa.

Nassoro: Basi yeyote aliyekwenda kumpa pole anionyeshe kwa mkono tu.

Nilikitazama kikombe changu. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hata kelele ya kujifichia haikuwepo.

Aurelia aliweka birika chini, akainama, akagusa mguu wake chini kidogo ya goti.

Aurelia: Hapa. Mama alikaa kitandani miguu ikiwa majini, akaniambia nitoe kwanza mahindi.

Nassoro: Futi moja na nusu. Tuweke mbili na nusu. Ngazi vidato vinne vipana, na kishikio cha mkono. Atapanda?

Aurelia: Vinne atapanda.

Nassoro alipima, akakata. Dakika ishirini hazikufika. Injinia akanyoosha kikombe.

Aurelia: Imekwisha, mzee.

Saa tatu asubuhi! Alimwaga mkaa, akafunga kanga, wakaondoka na fundi na mkokoteni wa nguzo.

Tulikaa. Kisha Injinia akasimama, akapangusa suruali.

— Twendeni tukampe pole.

— Oktoba hii? aliuliza Mkorosho.

— Twendeni tu.

Tukaenda mpaka njia panda. Moja inashuka kushoto, nyingine kulia, zote bondeni. Mkokoteni ulishapotea.

— Kwake ni wapi? aliuliza Injinia.

Miaka sita tunakunywa kahawa yake. Tulisimama pale, kila mmoja akimngoja mwenzake aonyeshe njia.