Epifania Ndayikeza, Aliyewatuma Watu kwa Watu

Ndugu waombolezaji, mlio chini ya turubai na mliosimama huko nyuma kwenye migomba, anayesimama mbele yenu ni Leonidasi, kaka wa marehemu, na familia imempa karatasi hii aisome yote bila kuruka mstari, hata ule utakaowachoma baadhi yenu, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwa na tabia ya kuruka mtu.

Epifania Ndayikeza alizaliwa tarehe 9 Mei 1966 huko Makamba, Burundi, akavuka mpaka kwa miguu mwaka 1972 akiwa ameshikwa mkono na mama yake, wakapokelewa Muyama, akasoma shule ya msingi huko kuanzia 1975 hadi 1981, na uraia wa Tanzania akaupata akiwa mtu mzima. Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa na Tharsisi, mkulima wa maharage, wakahamia hapa Kasulu, Mungu akawajalia mtoto mmoja, Nadine, ambaye sasa ni mwalimu Kibondo. Tharsisi alitangulia tarehe 2 Juni 2019.

Mwaka 2009 mtaa huu ulimchagua kuwa mhudumu wa afya ya jamii, na hakuchukua muda kugundua kwamba wengi wanaopanga foleni zahanati wana maradhi ambayo kipimo hakiyaoni, wamefiwa, wameachwa, wanashinda wakitazama ukuta. Hakuwaambia waende kwenye kikundi, maana alijua watu wetu wana haya, hawaingii uani kwa mtu bila sababu wala mikono mitupu, kwa hiyo sababu aliwapa yeye, akamkabidhi mtu chombo akipeleke mahali. Mzee Evaristi alipofiwa na mkewe aliacha kula, kila wiki akawa zahanati na kifua chake, Epifania akamwambia, "Mzee wangu, nipelekee ungo huu kwa Kuruthumu," na kwa Kuruthumu akakuta akina mama wanachambua maharage, wakamsogezea kigoda, huu ni mwaka wa tisa na kigoda hajakiacha. Gentille, Mkongomani aliyeolewa mtaani hapa, alipopoteza mtoto alipewa sufuria aipeleke kwa wapishi wa kwaya, na mwenyewe husema, "Mama alinitumaka na sufuria, njo nikabakia," yaani ndipo akabaki nao. Mko wengi hapa mliotumwa hivyo, na mnajijua.

Tarehe 18 Machi 2024 Epifania alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Wiki ya kwanza uani hapakuwa na pa kuweka mguu, mwezi wa pili wa ugonjwa walikuja wachache, mwezi wake wa nne alibaki na msichana wa kumpikia asubuhi na kuondoka. Nadine alitaka kumhamishia Kibondo, mama akakataa, akasema watu wake wako hapa. Watu gani? Nadine akipiga simu kuuliza aliambiwa, "Mama yako? Yule hakosi watu," na kila aliyesema hivyo alikuwa hajakanyaga mlango wake. Familia nayo haijitoi, huyu anayewasomea huja Kasulu kila siku ya soko, na miezi kumi na moja yote alipita mara mbili, akiwa na haraka. Mwezi Novemba daktari aliandika kwenye kadi yake kwamba dawa zinatosha, sasa apate watu wa kukaa naye, kadi ikatundikwa ukutani, ikakosa wa kuisoma. Tarehe 17 Februari 2025 kiharusi cha pili kilimwangusha, na aliyemkuta sakafuni ni Omary, aliyekuja kusoma mita ya maji. Alifariki hospitalini tarehe 20 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane.

Msiba ulipoanza Nadine aliwauliza mlikuwa wapi, na Kuruthumu akamjibu huku analia, "Hakunituma, mwanangu, nilikuwa nangoja anitume." Wengine mkaitikia kwa kichwa. Mtu hana mkono wa kunyanyua ungo, nanyi mnangoja awatume! Mtasema mganga hajigangi, na ni kweli, ndiyo maana Mungu akaumba majirani. Tuna hasira, na hatutaificha kwa sababu ya jeneza.

Tangu juzi mnarudisha vyombo vyake, nyungo, sufuria, majembe, hata kinu, vimejaa barazani hadi tumekosa njia ya kupitisha jeneza. Chombo kimoja tu kati ya hivyo kingerudi mwezi Oktoba, Epifania angekuwa na mgeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walifanya sehemu yao na wakatuandikia yetu, tunawashukuru wahudumu wa afya wenzake waliochimba kaburi, tunamshukuru Omary ambaye hakujali mita, akambeba. Majirani, shukrani yenu ipo barazani. Tukitoka makaburini kila mmoja achukue chombo alichokileta, asirudi nacho kwake, akipeleke kwenye nyumba ambayo anajua haina mgeni, aingie, akae, na Leonidasi amekwisha kubeba kinu.

Pumzika kwa amani, Epifania, leo tumewatuma sisi.