Siku Kumi na Ine Bila Mushahara

Bamama, badada, na nyinyi babwana kidogo wenye kuketi kule nyuma, amani ikuwe kwenu. Balinipa dakika kumi za ushuhuda. Mimi nilikuwa muuzaji, na muuzaji hajue kusema dakika kumi, donc munivumilie. Sitataja jina ya mutu hata moja. Bengine bangali bazima, na sikuje hapa kushitaki mutu. Nimekuja kusema namna nilianguka, na namna nilisimama.

Mu ile miaka ya vita, wakati Beni na Butembo bilikuwa upande moja na kule kusini kulikuwa batawala bengine, nilikuwa natumika Butembo, ku magazini ya bikwembe, duka ya bitambaa bya bamama. Bwana yangu alikuwa amekufa na malaria. Aliniachia mutoto moja tu, binti wa miaka nane. Wakati wa vacances nilimutuma kwa mama yangu, Kanyabayonga, kule kusini, juu mama alikuwa anaketi peke yake na macho ilianza kumusumbua. Nilisema: atasaidia koko yake kuteka maji, kisha masomo ikikaribia atarudi na camion.

Ndugu zangu, camion haikurudi. Vita ilikata njia. Mutoto wangu alibaki kule, na mimi nilibaki Butembo nyuma ya comptoir, ile meza ya kuuzia, na metre mu mukono.

Sasa munisikie muzuri, juu ni hapa nilianguka. Mara ya kwanza niliomba vibaya congé, ile ruhusa ya kuacha kazi siku kidogo. Niliingia mu bureau ya patron wakati anafungua mizigo, macho yangu chini, nikasema: "Patron, labda, kama inawezekana, siku kidogo..."

"Siku za kufanya nini?"

"Za kwenda kuona familia."

"Noeli inakaribia, mama. Batu banatafuta bikwembe. Rudi ku kazi."

Nikasema: "Ndiyo, patron." Nikarudi ku kazi.

Nawaambia ukweli, hakunitukana. Hakunifukuza. Ni mimi mwenyewe nilisema ndiyo haraka-haraka. Na ile "ndiyo" ilinikula ndani miezi na miezi. Kila mama mwenye kuingia na binti yake kuchagua kikwembe ya Noeli, nilimupimia, nilimukatia, nilimukunjia, na moyo wangu ilikuwa inasema: wewe uliacha wako kule. Nikaanza kunywa kasikisi, ile pombe ya ndizi. Mwanzo ilikuwa kikombe moja nikitoka kazi. Kisha ikakuwa mbele ya kazi. Eh, munacheka? Mucheke tu. Mimi pia nacheka leo, mais ile wakati sikukuwa nacheka.

Siku moja nikakata vibaya kikwembe ya bei kali, mbele ya mwenye kununua. Nilikuwa nimekunywa toka asubui. Mwenzangu wa comptoir ya pili, mama mukubwa kunishinda, akanishika mukono, akanipeleka mu depot, akaninawisha uso na maji kama mutoto. Munajua, ule mama tulikuwa hatusalimiane. Tuligombana juu ya client moja, kitu ya bure kabisa, na tukakaa karibu mwaka muzima bila kusemeshana. Ile siku hakuniambia neno mingi. Alisema tu: "Unanuka pombe. Baki hapa mupaka ikuishe, nitasema unahesabu mizigo."

Haikupita juma mbili, mutu moja akaingia ku magazini, muchafu wa njia, miguu imevimba. Alitoka Kanyabayonga kwa miguu, kupitia mu pori. Akaniuliza kama ni mimi binti ya mama fulani. Nikasema ndiyo.

Akasema: "Mama yako haone tena kabisa. Mutoto ndiye anamuongoza na fimbo. Ndiye analima, ndiye anapika. Masomo aliacha. Aliniambia nikifika Butembo nikutafute, nikuulize kama ungali muzima."

Badada. Kuulizwa na mutoto wako kama ungali muzima!

Ile siku sikukunywa. Siku ya pili pia. Siku ya mungu nilienda misa, nikakaa nyuma, na sikuomba Mungu aniletee mutoto. Niliomba anipe mudomo. Jumatatu nikafika kazini wa kwanza, nikangojea mwenzangu wa comptoir ya pili, nikamusalimia. Alishangaa! Nikamueleza yote. Akasikiliza, kisha akasema: "Nitashika comptoir mbili mupaka utarudi. Mais wewe hapana sema tena unaenda kuona familia. Familia kila mutu iko nayo. Sema unaenda kuleta mutoto. Na sema siku ngapi."

Nikaingia mu bureau. Macho juu.

"Patron, naomba siku kumi na ine, bila mushahara. Naenda Kanyabayonga kuleta mutoto wangu na mama yangu. Comptoir yangu itashikwa na mwenzangu, amekubali. Siombi franga. Naomba nafasi yangu tu ibaki."

Akaweka kalamu chini. "Kule kuna vita. Ukikufa?"

"Nikikufa, utaweka mutu mwengine. Nikikuwa muzima, nitarudi kutumika."

"Na kama nasema hapana?"

"Nitaenda, patron. Mais ningependa niende na ruhusa yako."

Mimi neno yangu ilikuwa imekwisha. Mwisho akavuta karatasi, akaandika, akapiga kashe, muhuri ya magazini: congé bila mushahara, siku kumi na ine. Akanipa, akasema: "Mama, mara ya kwanza hukuniambia ni mutoto."

Kweli. Sikumuambia.

Camion ya viazi ilinibeba mupaka Masereka, mu ile baridi yao. Kisha miguu. Ku barrière ya kwanza soda moja, askari mwenye kufunga njia, akanisimamisha. "Mokanda!" Sikukuwa na karatasi ingine, nikamupa ile ya congé. Akaisoma polepole, kidole juu ya kashe, akainua kichwa: "Patron wako alikubali ukuje kufia huku, tena bila mushahara?" Akacheka, akaita benzake, nao bakacheka. "Leka noki, mama, pita haraka." Ku barrière ingine hakuna mwenye alicheka. Balichukua biatu na kikwembe yangu ya pili. Ingine sitasema. Nilipita.

Nilifika kwa mama siku ya saba, saa ya mangaribi haiyafika. Mutoto alikuwa inje anapepeta maharagi. Alikuwa amerefuka, amekonda. Akaniangalia, mimi mwenye vumbi, bila biatu. Kisha akageuka ku mulango akaita: "Koko, kuna mugeni."

Nilisema tu "Hodi," tena chini-chini. Na mama yangu, mwenye haone, akajibu kutoka ndani: "Huyu haiko mugeni. Huyu ni mama yako."

Mutoto akaachilia lungo, maharagi ikamwangika yote.

Munisamehe kidogo.

Haya. Mama alikataa kutoka. Alisema: "Beba mutoto, mimi ni muzigo." Nikamuambia, mama, niliomba ruhusa ya kuleta batu babili, sitarudi na moja. Akakataa siku tatu. Siku ya ine akaomba kitambaa yake ya kichwa, nikajua tunaenda. Baba moja wa ile mutaa, mukristo wa kanisa ya Baprotestanti, tulikuwa hatujuane hata kidogo, alimuketisha mama juu ya chukudu yake na akaisukuma ku milima, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, jasho inamwangika. Mutoto alitembea pembeni anaambia koko yake kila kitu: sasa ni daraja, sasa ni shamba ya ngano, sasa kuna mama anatupungia mukono. Mu njia masasi ya bunduki ilianza kulia mbele yetu, tukakaa siku tano mu nyumba ya batu bengine benye balitulisha na hatukubajua. Yule baba alingoja pamoja nasi. Hakutuacha mupaka Lubero, kwenye camion za Butembo zilikuwa zingali zinapita.

Niliingia tena mu magazini siku ya makumi mbili na tatu. Patron alinitazama. "Nilikupa siku kumi na ine."

"Ndiyo, patron. Zile tisa ni juu yangu. Mutoto iko inje na koko yake."

Akatoka mupaka ku mulango, akabasalimia, akarudi. Comptoir yangu ilikuwa inashikwa na binti ya ndugu ya patron. Mwenzangu aliishika mupaka siku ya kumi na ine, kama karatasi ya congé ilisema, na patron hakungoja zaidi. Akasema kuna kazi mu depot, kubeba na kupanga mizigo. Ilikuwa kazi ya nguvu, na ya chini. Nikasema aksanti, nikafunga kitambaa kiunoni, nikaanza ile saa. Kasikisi sikuishika tena mupaka leo. Kisha kupita miezi mingi patron alinirudisha ku comptoir. Na wakati mwenzangu aligonjwa, ni mimi nilishika comptoir mbili. Hakuna mutu alinilazimisha.

Mama yangu alikufa mu kitanda yake, Butembo, mukono wangu mu mukono yake. Binti yangu ni mama sasa.

Natoa aksanti kwa mwenzangu. Kwa luga yetu: wasingya, mama. Kwa baba wa chukudu. Kwa ile nyumba yenye ilitulisha siku tano. Kwa patron pia, ndiyo, kwa patron. Na kwa nyinyi ba hapa Mulekera, benye mulinipokea wakati nilihamia Beni nikiwa mugeni.

Kama kuna kitu mubebe leo, bebeni hii: hapana omba kama mutu mwenye kuiba. Sema unaenda kufanya nini, siku ngapi, nani atashika kazi yako. Anaweza kusema hapana. Mais akatae mambo yako ya kweli, haiko ile uliificha.

Na nimalize. Kuna dada moja kati yetu hapa, anatumika ku magazini mu mji. Juzi aliniambia mama yake ni mugonjwa kule Lubero na anaogopa kumuomba patron yake siku kidogo. Sitamuangalia, musimutafute na macho. Dada, kesho saa mbili ya asubui nitakuwa ku mulango wa kazi yako. Utaingia peke yako, utasema peke yako. Mais comptoir yako, ukienda, mimi nitaishika. Kupima kikwembe sijasahau.