Mwalimu Aliyenijaza Maji Mdomoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa kituo hiki, walimu na wafanyakazi wote, kuanzia wanaofundisha hadi yule dada wa mapokezi anayebadilisha betri za mashine za kusikia za watoto wetu kabla hata hatujamaliza kusalimiana, wazazi wenzangu, watoto wetu wapenzi, na wewe, Mwalimu, ambaye leo tumekuja kukuaga unapostaafu: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Wazazi wamenichagua niseme kwa niaba yao kwa kuwa mimi ni dalali wa mnada, na mdomo ndio jembe langu. Miaka ishirini nimesimama juu ya meza nikinadi makabati, vitanda na majokofu, na katika kazi hiyo ukinyamaza sekunde mbili tu, wateja wanaanza kuangalia saa. Mke wangu amenipa dakika tano. Ameketi pale mbele, na simuoni akitabasamu.

Binti yetu, ambaye nyumbani tunamwita Bosi, alikuwa na miaka mitatu tulipokuja hapa mara ya kwanza. Alikuwa ameshavalishwa mashine za kusikia, nasi tukadhani kazi imekwisha: mtoto anasikia, basi ataongea. Hakuongea. Unataka maji? Anaitikia kwa kichwa. Unataka kulala? Kichwa kile kile. Ukimuuliza kama anataka kuuzwa mnadani, angeitikia vilevile. Ndugu zangu, mnajua uchungu wa kuishi na mtoto anayekubali kila kitu kwa sababu hajui ameulizwa nini?

Tukaingizwa katika kile chumba cha mwisho, chenye zulia na mapazia mazito. Nikakalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni. Mwalimu hakukaa mbele ya Bosi. Alikaa ubavuni, upande wa sikio lenye nafuu, na kila aliposema alificha mdomo kwa kadi, ili mtoto asisome midomo bali asikilize. Akatandaza wanyama wa plastiki zuliani, akauliza, "Ng'ombe yuko wapi?" Kadi haijashuka, mimi nikadakia, "Si huyo hapo, mama, karibu na mguu wako." Akauliza la pili, nikajibu la pili. La tatu nililijibu vizuri zaidi.

Mwalimu akaweka kadi chini. "Baba Bosi," akaniambia kwa upole, "wewe umepata maswali yote. Mwanao hajapata hata nafasi ya kukosa. Ukishauliza, subiri. Hesabu hadi kumi moyoni." Nikahesabu. Akasema kumi zangu ni za mnadani: mara ya kwanza, mara ya pili, imeuzwa, na mtoto bado hajafungua mdomo.

Niseme ukweli mbele yenu: niliudhika. Njia nzima nilimwambia Mama Bosi kwamba haturudi tena. Yaani nihangaike na mwanangu miaka yote hiyo, halafu niambiwe tatizo ni mdomo wangu, mdomo huu huu unaowalisha? Mama Bosi hakubishana. Alisema tu, "Sawa, usirudi. Mimi na mwanangu tutarudi." Wiki iliyofuata nikajikuta juu ya kile kiti.

Safari hii Mwalimu alikuwa na kikombe cha maji. "Piga funda moja," akasema, "ila usimeze." Wageni waalikwa, mimi, dalali mzima, nilikaa nusu saa na maji mdomoni, mashavu yamevimba. Nilijisahau nikameza mara mbili, naye akaniongezea mara mbili bila hata kunitazama. Na katika nusu saa ile niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: swali linavyomwingia mwanangu. Linaingia polepole, analigeuza, macho yanapanda juu, midomo inajaribu. Siku zote nilikuwa nikifika na jibu langu wakati yeye bado yuko njiani. Siku ile akasema, "Mbuzi." Alikuwa ameulizwa ng'ombe. Nilimeza maji yote nikalia.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kila siku. Asubuhi mama yake anasimama nyuma yake na kutamka aa, uu, mmm, sss, na Bosi kila anaposikia anatupia shanga kwenye kopo. Redio inazimwa wakati wa kula. Hakuna kupaza sauti, hakuna kumjibia. Hata hivyo, alipofikisha miaka sita na kupelekwa shule ya msingi kusailiwa, mbele ya watu wageni alirudia kichwa chake kile kile, kila swali ndiyo, akarudishwa. Mwaka uliofuata tukaitwa tena, na mwalimu mkuu akatuambia wazi kwamba mtoto asipojibu mwenyewe, hana nafasi pale.

Ofisi ile ilikuwa na feni inayokwaruza. Mwalimu mkuu akauliza huku ameinamia karatasi zake, "Nyumbani mnaishi wangapi?" Bosi akainua macho kwenye feni. Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi. Nikahesabu, na safari hii sikuwa na maji, nilikuwa na kiatu cha Mama Bosi juu ya kidole changu. Saba. Nane. Nikamwona mwalimu mkuu anaishika kalamu. Nikasema moyoni, kichwa hicho kinakuja, tumekwisha.

Bosi akasema, "Sijasikia. Feni ina kelele. Niulize tena."

Yule bwana akainuka, akazima feni kwa mkono wake, akasogeza kiti, akauliza upya. "Watatu," Bosi akajibu. "Baba anaongea sana." Akapokelewa siku hiyo hiyo.

Mwalimu, kumfundisha mtoto kujibu ni kazi kubwa, lakini ni nani alimfundisha kwamba kutosikia si aibu, na kwamba mtu mzima anaweza kuombwa arudie? Ni wewe, na wenzako hawa, kwa uvumilivu ambao sisi wazazi hatukuwa nao. Kwa niaba ya kila mzazi aliyewahi kukaa juu ya kile kiti, tunakushukuru, na mimi nakuomba radhi kwa wiki ile niliyokununia.

Juzi jioni, tukila, Bosi alikuwa anasimulia kisa cha shuleni, kirefu, hakina kichwa wala miguu. Nikamkatiza. Akaweka kijiko chini, akaniangalia. "Baba, sijamaliza." Akasimulia hadi chakula kikapoa mezani. Mwalimu, nenda ukapumzike ukijua kwamba kuna nyumba moja ambako chakula kinapoa kwa sababu yako, na hakuna anayelalamika.

Nyote mliotulia mkanisikiliza hadi hapa, nawashukuru sana.