Jina Alilopewa Mama

Viti vilikuwa tele kwenye basi, lakini muuza mitumba alikwenda kukaa ubavuni mwa fundi cherehani, maana mdomo wake haukuzoea upweke. "Safari ya wapi, mwenzangu?"

"Kumchukua binti yangu, shule imefungwa. Ni kiziwi. Kule wanafundishwa kwa lugha mbili, ya alama na hii yetu."

"Bahati yako! Wangu wanapiga kelele hata usingizini."

Fundi alicheka kwa adabu tu. "Wangu naye hanyamazi, mikono haitulii. Nyumbani kiziwi ni mimi. Amenipa jina la alama, nalo silijui."

"Kwani wazazi hawafundishwi?"

"Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo siku ya wateja."

"Basi shona, mama. Atapendeza, mtoto wa watu."

Fundi aligeukia dirisha. Basi liliposimama langoni mwa shule, binti aliwageukia wenzake, akapeleka vidole menoni, vilevile mama yake anavyokata uzi. Wote wakamtazama fundi dirishani. Kumbe ndilo jina lake! Hajamaliza kutabasamu, mikono ya binti ikaendelea, ikasema mengine mengi, na wenzake wakaangua kicheko.

"Anasemaje?" akauliza muuza mitumba.

Fundi alichukua mkoba wake, akashuka.