Nifungulie Kama ya Spoku

Kama umewahi kupita Bombambili, hapa Songea, asubuhi na baiskeli yenye pancha, benchi hili unalijua. Liko mbele ya banda la Kajetani, fundi baiskeli ambaye watu wote humwita Spoku. Liliwekwa kwa ajili ya wateja, lakini wateja husimama, kwa sababu wanaume watatu wamelikalia tangu enzi za simu za tochi. Wa kwanza ni Mzee Remigi, mgambo mstaafu, jina la kijiweni Kamanda. Wa pili ni Urbani, dereva wa bodaboda anayesikiliza taarifa ya habari kuliko anavyobeba abiria, kwa hiyo wakamwita Setilaiti. Wa tatu ni Kassimu, mtu wa Tunduru. Huyu ni Toleo Jipya, maana kila simu ikitoka duniani yeye ana habari zake, ingawa ya kwake ina ufa kutoka kona hadi kona. Kassimu ndiye anayechemsha kahawa siku hizi. Kabla yake, kwa miaka kumi na mmoja, kahawa ya hapa ilichemshwa na Anjelika, mke wa Spoku, hadi alipofariki mwaka jana.

Asubuhi hiyo Spoku hakuwa amegusa pampu. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, simu mkononi, kidole kikipandisha na kushusha picha kwa mara ya arobaini. Picha ya Anjelika haikuwepo. Ilikuwa moja tu ya maana, aliyopigwa kwenye komunyo ya kwanza ya mpwa wake, na fundi wa makaburi, ambaye hapokei picha za kutumiwa, alisema ikiletwa kwake na simu yenyewe kabla ya saa sita mchana ataichapa kwenye kigae, ikichelewa basi tena. Jumamosi padre anakuja kubariki kaburi. Ndugu wanatoka Mbinga. Wangesimama wote mbele ya kigae kitupu. Spoku aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona aibu, maana mtu mwenye akili zake angeisafisha picha ile siku ileile akaitundika ukutani.

— Mara ya mwisho uliiona lini? — Kamanda aliuliza, kwa sauti yake ya kuhoji mtuhumiwa.

— Kama wiki mbili hivi.

— Ulikuwa na nani?

— Na nani tena, Mzee Remigi? Nilikuwa kitandani kwangu.

— Wamekudukua, — alisema Setilaiti, akavuta kahawa kwa mlio. — Nilisikia redioni juzi. Wadukuzi wa siku hizi siyo wale wa kukutumia ujumbe kwamba umeshinda pikipiki. Hawa wanachukua nyuso.

— Uso wa mke wangu wakaufanyie nini?

— Wanafundishia mitambo. Hiyo akili bandia unayoisikia, unadhani kucheka imejifunzia wapi? Kwetu. Wanachukua mtu anayecheka vizuri, wanaupa mtambo, mtambo unaiga.

Anjelika kwenye ile picha alikuwa anacheka, na alicheka vizuri kweli. Wazo kwamba kuna mashine mahali fulani inacheka kwa mdomo wa mke wake lilimchoma Spoku, akasimama, akakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tayari, akakaa tena.

— Mbona wasichukue uso wako? — Kassimu alimuuliza Setilaiti.

— Nani kakwambia hawakuchukua?

— Labda walichukua, wakarudisha. — Kassimu alimimina kahawa nyingine, nyeusi, yenye machicha. Hakuna aliyewahi kumwambia ukweli kuhusu kahawa yake. — Mimi naijua shida ya Spoku. Ni apdeti. Simu ikijisasisha inapunguza mzigo. Inapekua, inaona hiki hukitumii, inakitupa. Wallahi, ndiyo maana mimi sipokei apdeti.

— Ya kwako imegoma kupokea hata simu, itapokea apdeti? — Setilaiti aliuliza.

— Inapokea. Tena inapokea kuliko nilivyotaka. Juzi nafungua majina, nakuta namba sizijui. Trafiki Mnene. Trafiki wa Njiapanda. Trafiki Anayesikia. Mimi sina hata baiskeli. Trafiki wananitafutia nini?

Setilaiti alikohoa, akatazama pikipiki yake.

— Wanakufuatilia, — alisema.

— Kwa kosa gani?

— Wakishakupata ndiyo utajua.

Kamanda aliweka kikombe chini. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, barabarani akapita mwanamke na ndizi zake, akasubiri apite.

— Ninyi mnafanya masihara. Nilipiga picha jiwe la mpaka wa kiwanja changu, lile ambalo jirani yangu analisogeza kidogo kidogo. Nikapiga tatu, nizipeleke serikali ya mtaa. Kulikucha, hakuna hata moja. Sasa jiulizeni, nani anafaidika?

— Jirani yako ana simu ya tochi, Kamanda, — alisema Kassimu.

— Ndiyo ujanja wake huo. Huwezi kumshuku.

— Mzee wangu, mtu wa simu ya tochi hawezi kuingia kwenye simu yako.

— Ana mtoto Dodoma, — alisema Kamanda, na kwake yeye shauri likawa limekwisha.

Spoku aliangalia saa. Saa nne na dakika hamsini. Mikono ilikuwa inamuwasha, hana pa kuipeleka. Akafungua simu tena, akapekua palepale alipokwisha kupekua.

— Hii simu ina virusi, — alisema. — Mwezi mzima zinaingia takataka sizijui. Udongo, majani, bega la mtu, sufuria ya ugali. Kila asubuhi nafuta. Nafuta hadi kidole kinauma.

— Hata kwangu, — alisema Setilaiti. — Zinaingia. Mimi simu yangu hailali na kitu kigeni. Nikiona tu, nafuta, siangalii mara mbili.

— Basi ni shambulio la eneo zima, — alisema Kamanda. — Wanajaribia Bombambili kwanza, halafu waingie mjini.

— Kwa kutumia nini? — Kassimu aliuliza.

— Muulize Setilaiti.

Setilaiti hakuhitaji kuulizwa. Alieleza kwamba kuna chombo kimesimama juu ya mlima Matogoro, kidogo kama tanuri la mkate, kisichoonekana kwa sababu kimepakwa rangi ya mawingu. Chombo hicho hakina haja ya paswedi yako. Kinafyonza. Ukipiga picha mtu mwenye huzuni kinamwacha, ukipiga anayecheka kinamchukua. Kassimu aliongeza kwamba dawa yake ni bati, kwa sababu mawimbi hayapiti kwenye bati, na kwamba picha ikishaanza kufyonzwa haitoki yote kwa mpigo, inatoka kidogo kidogo, kwa hiyo mtu akiwahi anaweza kuokoa hata nusu.

— Nusu ipi? — Spoku aliuliza, na hakuwa anatania.

— Ya juu. Inaanza kuondoka miguu.

Ukitaka kujua mtu amefikishwa wapi na msiba, tazama anavyokubali mambo ambayo siku nyingine angeyacheka. Spoku alisimama, akamwaga misumari na vizibo kutoka kwenye kopo lake la maziwa ya unga, akaiweka simu ndani, akafunika. Wanaume wanne wakalizunguka kopo lile kimya kimya, wakisubiri nusu ya juu ya Anjelika ibaki Songea.

Ndipo alipofika mwalimu Leticia akikokota baiskeli, gurudumu la nyuma limelala. Alikuwa mgeni mtaani, amehamishiwa shule ya jirani kutoka Namtumbo, hata miezi miwili hajamaliza.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Fundi, nisaidie pancha, nina kipindi cha saa sita. — Akaliangalia kopo. — Mmekamata nini humo?

Wakamweleza. Wakaeleza wote kwa pamoja, chombo cha Matogoro kikagongana na mtoto wa jirani aliyeko Dodoma, apdeti ikapita katikati. Leticia alisikiliza hadi mwisho, kwa subira aliyoipata kwa kufundisha darasa la kwanza.

— Hizi simu nani aliwafungulia?

— Thadei, — walijibu wote. Thadei alikuwa fundi simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, kabla hajaenda Tunduru kutafuta madini.

— Alitumia imeili ya nani?

Kassimu alimwangalia Kamanda, Kamanda akamwangalia Setilaiti, Setilaiti kwa mara ya kwanza hakuwa na taarifa.

— Yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza, — alisema Spoku taratibu. — Thadei aliniuliza maswali mengi, jina, mwaka wa kuzaliwa, tulishinda naye. Simu ikakaa vizuri. Wenzangu wakaipenda.

— Mimi nilipompelekea yangu akataka kuanza kunihoji, — alisema Kamanda. — Mimi wa kuhojiwa na kijana? Nikamwambia, nifungulie kama ya Spoku.

— Hata mimi nilisema hivyohivyo, — alisema Kassimu. — Kama ya Spoku.

— Ndiyo utaratibu wa hapa, mwalimu, — alisema Setilaiti. — Tukinunua tairi tunanunua kama ya mwenzetu.

Leticia alifungua kopo, akaomba na simu za wengine, akazipanga zote nne kwenye benchi, akabonyeza huku na huku. Juu kabisa ya kila kioo kulikuwa na jina lilelile: Kajetani, Kajetani, Kajetani, Kajetani.

— Wazee wangu, kwa simu hizi ninyi ni mtu mmoja. Anachopiga mmoja kinaingia kwa wote. Anachofuta mmoja kinafutika kwa wote. Kwetu Namtumbo wakulima wa tumbaku walifunguliwa hivihivi, nusura wapigane.

Ilichukua muda kuingia. Kamanda ndiye aliyeanza.

— Kwa hiyo lile jiwe langu.

— Nilifuta mimi, — alisema Spoku. — Nilidhani ni virusi. Unisamehe, Mzee Remigi.

— Na hao trafiki? — Kassimu aliuliza.

— Ni wangu, — alisema Setilaiti, kwa kunung'unika. — Kazi zetu zina watu wake.

Kassimu alicheka hadi akapaliwa, na Kamanda alikasirika kwa sababu jirani yake alikuwa ametoka bila hatia. Kwa dakika moja kijiwe kilikuwa kama zamani. Spoku peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu: siyo yeye, yeye asingeifuta ile. Basi ni mmoja wa hawa.

— Vilivyofutwa havipotei mara moja, — alisema Leticia. — Kuna sehemu inaitwa Tupio, vinakaa humo siku sitini.

Akabonyeza. Vikapanda vitu vya mwezi mzima: mawe ya mpaka, majani, sufuria ya ugali. Akashusha, akashusha. Halafu akatokea Anjelika, gauni la bluu, nywele zimesukwa, hereni masikioni, kichwa amekirudisha nyuma kwa kicheko, mzima kuanzia utosini hadi viatuni. Furaha ilimjaa Spoku hadi macho yakauma.

Setilaiti aliinamia kioo.

— Ndiye huyu. Huyu dada alinitoa jasho, ndugu zangu. Nafungua simu, namkuta, mwanamke simjui wala sijawahi kumwona. Nikasema mke wangu akimkuta huyu, nimekwisha. Nikamfuta fasta. Kumbe ni wa nani kati yenu?

Kassimu aliacha birika. Kamanda, ambaye huwa na la kusema hata kanisani, alitazama kandambili zake.

— Tayari, nimeirudisha, — alisema Leticia, akampa Spoku simu yake. Aliona ghafla hakuna anayemshukuru, akadhani labda wanamwonea haya marehemu. Akauliza kwa upole tu, kama mgeni anavyouliza. — Huyu mama alikuwa anakaa mbali na hapa?



Setilaiti alichukua simu yake mwenyewe, akaitazama ile picha upya. Aliitazama muda mrefu, uso ukimbadilika polepole, na mkono wenye kikombe ukashuka hadi kahawa ikamwagikia suruali.

— Alikuwa anajifunga kitambaa, — alisema mwisho, kwa sauti ndogo. — Halafu kuna moshi. Kaka, pale jikoni kulikuwa na moshi.

— Miaka kumi na mmoja, Urbani, — alisema Spoku. — Kila asubuhi alikuwa anakupa kikombe mkononi.

Alitaka kukasirika, akakuta hasira haitoshi kwa jambo lenyewe. Kilichomjaa kilikuwa huzuni tupu, nzito kuliko ya siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alidhani wote wanamlilia mtu mmoja. Akaitia simu mfuko wa shati, akachukua baiskeli ya mteja iliyokwisha kutengenezwa, akaangalia saa. Saa tano na nusu.

— Nikupeleke na pikipiki, kaka Kajetani, — alisema Urbani, akiwa amesimama tayari, funguo mkononi. — Kwa baiskeli hutawahi.

— Kaa, — alisema Spoku. — Mzibie mwalimu pancha, ana kipindi.

Akapanda, akaanza kukanyaga pedeli kwa nguvu zake zote kuelekea kwa fundi wa makaburi.