Vyungu Sita vya Dada Yenu

Kaeni, wanangu, na anayetaka kulia akalie jikoni, maana pumzi iliyobaki inanitosha kusema mara moja tu. Nyumba mmeshaigawana mlipodhani nimelala. Mmegawana vizuri, sina la kuongeza. Ninachowaachia kwa mdomo wangu ni vile vyungu sita nyuma ya tangi la maji, ambavyo mnaona vina udongo mkavu tu, na mmoja wenu jana alitaka kuvimwaga apate pa kuweka viti vya waombolezaji, nami bado nahema.

Mle ndani mna ua la marehemu dada yenu. Alilikuta kando ya barabara greda likichimba, akaling'oa na kulifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akalipeleka kwa mtaalamu wa mimea. Yule bwana akageuza majani, akanusa kiazi chake, akasema ni la ukoo wa tangawizi, lakini jina hawezi kulitaja mpaka alione limechanua. Dada yenu akaamini amepata ua ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulijua. Akalipanda chini ya dirisha lake, akangoja misimu miwili, likatoa majani matupu, naye kila siku anayapima na kuandika daftarini kama mwanafunzi.

Kisha akalazwa hospitali. Ilikuwa kiangazi, majani yakakauka yakapotea kabisa, nikaona ardhi tupu, nikasema mwanangu akirudi akute pamependeza. Nikachukua jembe. Viazi vilitoka vyeusi, vimesinyaa, nikavitupa shimo la taka, nikapanda nyanya. Kumbe mmea ule kiangazi haufi, hulala tu.

Aliporudi alisimama dirishani ameshikilia pazia, akaniuliza, "Mama, nani amelima hapa?" Nami, mwanamke mzima niliyezaa watoto wanne, nikaogopa macho ya mgonjwa. Nikamwambia, "Wifi yako." Mke wa mkubwa wenu alikuwa amekuja wiki ile kunisaidia kufua, basi jina lake likawa karibu na ulimi. Dada yenu akaliachia pazia, akarudi kitandani. Aliishi wiki tatu zaidi, na kila wifi yake alipomletea supu aligeukia ukutani. Mkwe wangu, wewe uliyesimama hapo mlangoni, miaka kumi na mmoja umejiuliza ulimkosea nini. Hukumkosea kitu. Ni mimi.

Mwacheni atoke. Na wewe mkubwa, kaa chini. Miaka yote hiyo hukumtetea mkeo, leo usijifanye shujaa mbele yangu.

Mvua za kwanza baada ya mazishi, ua likachomoza shimoni katikati ya maganda, halina jani hata moja, jeupe, koo la manjano, limekaa juu ya udongo kama kitu alichokiangusha mpita njia. Nikalikata, nikakimbia nalo kwa mtaalamu, lakini ua lenyewe ni la siku moja, na foleni ilikuwa ndefu. "Mama," akasema, "umeniletea kamasi." Nikavifukua viazi shimoni, nikavipanda vyunguni, na mwaka uliofuata nikampelekea chungu kizima nimekipakata kama mjukuu. Akafungua kitabu, akaniambia lina jina tangu zamani, ila wachache ndio wanaolijua. Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba dada yenu hakulisikia hilo.

Sasa shikeni. Wakati huu limelala, msilipe maji hata tone, litaoza. Mvua zikianza ndipo mlimwagilie; jua la asubuhi linalitosha, la mchana litaliunguza. Mkiwa na shaka, kwangueni kiazi kwa ukucha, mnuse. Kisiponukia tangawizi, hilo ni gugu, ling'oeni.

Vyungu vyote mpelekeeni mkwe wangu. Asipofungua mlango, viwekeni kivulini muondoke. Akivivunja, msimuulize. Akivitunza... asivitunze kwa ajili yangu.

Nisogezeeni mto. Hapo.

Wanangu, Mungu awape uzee wenye watu wa kuongea nao. Mkikosea, semeni siku hiyohiyo, hata sauti ikitetemeka, kwa sababu mimi nilingoja niwe jasiri, na ujasiri wenyewe... haukuja, umekuja ugonjwa tu. Nawabariki. Na yule aliyetoka, namtanguliza yeye.

Mkubwa. Inuka sasa, mfuate mkeo. Na huko uendako... usinitetee.